Anayekimbia Bila Mzigo

Waridi alitolewa kwenye mstari asubuhi, umande ukiwa bado majanini, na aliyemtoa hakumgusa wala hakumtukana.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2023, watu wa Kasongo wakiandikishwa kwa ajili ya uchaguzi. Kadi ya mpiga kura katika Kongo si ya kura tu. Ndiyo kitambulisho cha mtu, ndiyo inayotolewa mfukoni kwenye kila kizuizi cha barabarani. Waridi alikuwa na miaka arobaini na saba, na kwa karibu miaka ishirini na mitano alikuwa akijieleza kwa jina la mume wake. Sasa mume alikuwa amefariki. Mbele yake walibaki watu watatu. Mwandikishaji akainua macho, akamwona, akaweka kalamu chini. Mtu huyo alinunua mikate ya mchele kwake kila asubuhi, na kila asubuhi alimtania kwa Kiswahili chake cha Ujiji.

"Mama Tanzania," alisema kama mtu anayeomba radhi, "weye siwezi kukuandika. Nikikuandika, miye na weye wote tunafungwa."

Watu wakacheka kidogo. Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti: "Sema tu ulizaliwa Nyangwe, mama! Nani ataenda kule mtoni kuuliza samaki?"

Waridi naye alicheka, akakaza kikwembe chake kiunoni, akaondoka. Angeweza kusema Nyangwe. Wengine walisema, na kadi wakapata. Lakini baba yake, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemshika mkono kumfundisha kuandika alifu, amelala katika makaburi ya Ujiji, na kusema kwamba alizaliwa Nyangwe ilikuwa sawa na kwenda kusimama juu ya kaburi lile na kusema hamjui aliyemo. Alitaka kuwa mtu wa Kongo kwa kusema kweli.

Alikuwa amefika nchi hii mwaka 1998, bi arusi wa miaka ishirini na miwili. Yassine, mume wake, alikuwa mtoto wa Kalubenga, kijiji kidogo katika teritwari ya Kabambare, aliyevuka ziwa kukimbia vita ya kwanza na kukaa Kigoma mwaka mmoja na nusu. Aliposikia kwamba nyumbani kumetulia, akarudi na mke. Miezi michache baadaye vita ya pili ikawakuta Kalubenga, na Waridi akajifunza ukwe na ukimbizi kwa wakati mmoja. Walikaa kijijini mpaka 2004, kisha wakahamia Kasongo, ambako Yassine alikuwa fundi wa baiskeli na yeye akaanza kukaanga mikate ya mchele mbele ya nyumba. Binti yao Aïcha alizaliwa, akakua, akaenda kusoma Kindu. Yassine akafa kwa homa ya siku nne. Maisha ya watu wengi yanaweza kusemwa hivyo, kwa sentensi chache, na anayeyaishi ndiye tu anayejua yalikuwa marefu kiasi gani.

Baada ya siku ile ya mstari, alikwenda kwa Bienvenu, karani wa mahakama, mtu mwembamba aliyependa kueleza mambo mara mbili.

"Uraia wetu haukai pamoja na mwingine, mama," alisema Bienvenu. "Haukai. Kama unaingia huku, unatoka kule. Na kule kwenu nao ni vilevile."

"Kama mke, basi. Hawezi kuwa na waume wawili."

"Weye umesema, si miye." Akacheka, akavuta karatasi. "Kuna barua ya kuacha uraia wa kwanza. Kuna cheti cha ndoa. Halafu kuna ushahidi wa ukoo wa mume, kwamba waliishi na weye, wanakujua ni mutu wao. Huo unaandikwa kulekule kijijini, unapigwa muhuri wa kapita, mkubwa wa kijiji. Bila huo, faili haitoki juu ya hii meza. Haitoki."

Barua ya kuacha uraia Waridi aliiandika mwenyewe na kuisaini kwa haraka, kama mtu anayemeza kwinini. Akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mkoba wa plastiki. Lakini barabara ya Kabambare wakati huo haikupitika, kwanza kwa mvua, kisha kwa habari za watu wenye silaha, na mkoba ukakaa chini ya godoro zaidi ya mwaka mzima. Usiku mwingine alilala juu yake akiwaza kwamba amekwisha kuaga nyumba moja na ile nyingine haijamfungulia.

Ni katika mwaka huo wa kungoja alipoanza kukimbia.

Marie-Thérèse, muuguzi wa kituo cha afya, alimpima mara tatu kabla ya kumwambia. "Sukari iko juu, Mama Aïcha, na tension ya damu pia. Tangu saa kumi ya asubuhi umekaa mbele ya moto, unaonja mikate. Unaonja mingapi?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ngapi?"

Waridi alitazama vidole vyake vilivyong'aa mafuta.

"Basi utafanya sport. Wiki mbili za kwanza utatembea. Baadaye utakimbia, polepole, mpaka jasho litoke. Na usiniambie wewe ni mutu muzima. Watu wazima ndio wanakufa."

Alianza kwa aibu, baada ya sala ya alfajiri, amevaa suruali ya sport ya marehemu ndani ya kikwembe, na kitambaa cheupe kichwani. Kasongo ni mji. Jumamosi vijana hukimbia kwa makundi barabarani wakiimba na kupiga makofi, na hakuna anayewashangaa. Yeye walimshangaa wiki moja tu, kisha wakaanza kumtania. "Mama Tanzania, unakimbia kwenu? Kigoma iko upande ule!" waendesha pikipiki walimpigia kelele, wakinyoosha vidole mashariki. Aliwajibu kwa kukimbia upande wa magharibi, kwenye barabara ya kuteremka mtoni Lualaba, nao wakashangilia. Mwezi wa nne wa kukimbia hakupumua tena kwa mdomo. Mwezi wa sita Marie-Thérèse alitazama kipimo, akatazama kikwembe kilivyolegea, akasema, "Sasa ndiyo nakuona."

Kukimbia kulimpa pia kitu ambacho hakukitegemea. Nusu saa ile ya asubuhi hakuwa mjane wala mgeni wala muuza mikate. Alikuwa mtu anayesikia pumzi yake. Aliogopa kidogo kuona jinsi alivyoipenda.

Kiangazi cha 2024 barabara ikatulia. Waridi akafunga jiko, akachukua mkoba na viatu vyake vya sport, akapanda pikipiki kwenda Kabambare. Safari ilimchukua siku mbili. Yeye na dereva walilala Wamaza, na mara nne alishuka kusukuma pikipiki kwenye mchanga na madimbwi.

Kalubenga ilimpokea vizuri. Muzaliwa, kaka mkubwa wa Yassine, ambaye sasa alikuwa mkubwa wa ukoo, alimshika mikono yote miwili na kumwita "shemeji" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayepanga tena kitu kilichokaa vibaya. Olga, dada mdogo wa Yassine, jina alilolipata shuleni kwa masista na akabaki nalo hata alipoolewa na Mwislamu mwenzake, alimzunguka akimtazama mbele na nyuma.

"Wifi, umekonda! Kasongo hakuna chakula?"

"Ninafanya sport."

"Unafanya nini?"

"Nakimbia. Kila asubuhi."

"Unakimbia nani?" aliuliza Olga, na wote wakacheka, na maneno hayo yakaishia hapo, chakula kikaletwa.

Jioni Muzaliwa alimpeleka kwa kapita. Marcellin alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mzito wa mwili na wa maneno. Miaka yote ya vita alikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu, na cheo cha kapita alikipata miaka sita tu iliyopita. Alisoma karatasi ya Bienvenu taratibu, akiifuata kwa kidole. Mfuko wa ngozi wenye muhuri ulining'inia kwenye msumari nyuma yake.

"Hapa kumeandikwa: miye kapita ninashuhudia kwamba huyu mama anajulikana na anaishi kama mutu wa kijiji," alisema. "Sasa, mama, nisikilize bila kukasirika. Miye sikuwapo. Ulipokuja sikuwapo, ulipoondoka sikuwapo. Nimekuona leo, ukiwa unakunywa chai. Nitashuhudia chai?"

"Ukoo unamjua," alisema Muzaliwa.

"Ukoo utie kidole chake. Muhuri si wa ukoo. Huko machimboni niliona watu wanapigiwa mihuri na makapita, leo Mkongo, kesho hatumjui. Miye napigia kitu nilichokiona na macho yangu." Akairudisha karatasi. "Njooni kesho saa tatu, nitafikiri. Lakini naona vigumu."

Waridi alisema asante. Hakumkasirikia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa kuwa maneno ya mtu yule yalikuwa ya haki. Alilala kwa Olga, kwenye mkeka, akasikiliza mbuzi wakijikuna ukutani. Ikiwa Marcellin angekataa kesho, faili isingetoka juu ya meza ya Bienvenu, na yeye angerudi Kasongo akiwa na barua iliyosainiwa ya kuacha kwao, na hakuna mahali pa kuipeleka.

Alfajiri aliswali. Olga alikuwa amekwisha kutoka kwenda shambani na jirani zake wawili. Miguu ya Waridi ilikuwa na wasiwasi kuliko kichwa, na mwili uliozoea hauulizi uko wapi. Alivaa viatu, akafunga kitambaa cheupe, akatoka mbio taratibu kwa njia ya mashamba, mpaka mahali ambapo nyasi za juu zinaanza, kama kilomita mbili. Ukungu ulikuwa umelala chini. Hakukutana na mtu. Pale akageuka, na kwa kuwa hewa ilikuwa baridi na saa tatu ilimkaa kifuani, akarudi kwa kasi zaidi, kichwa chini, mikono mitupu.

Kalubenga kuna jambo ambalo kila mtoto hulijua kabla ya kujua kuhesabu. Ukimwona mtu mzima anakimbia bila mzigo, naye haiti jina la mtu, humwulizi kitu. Unaacha ulichoshika na kukimbia nawe. Hupigi kelele, maana kelele huwaonyesha wanaokuja mahali ulipo. Unagonga mlango wa kwanza mara mbili kwa kiganja, na mlango ule hugonga wa pili. Hivyo ndivyo walivyopona mara ya kwanza, na ya tatu, na kiangazi cha mwaka uliopita. Waridi alilijua jambo hilo. Alikuwa ameishi kwalo miaka sita. Miaka ishirini ya mjini ilikuwa imelifunika, kama majani yanavyofunika kisima.

Alipoingia kijijini alikuta kimya.

Milango ilikuwa wazi. Kwenye jiko la nyumba ya kwanza sufuria ya maharage ilichemka peke yake, kifuniko kikicheza. Jembe lilikuwa limelala katikati ya njia, na kando yake ndala moja ya mguu wa kushoto. Kuku walitembea wakiingia majumbani kama wenye nyumba. Hakuna mtu hata mmoja.

Waridi alisimama kwa muda wa pumzi mbili. Kisha mwili wake ukafanya ambalo akili haikuwa imeliamua. Hakushika barabara kubwa. Alipita nyuma ya nyumba ya Muzaliwa, akakata shamba la mihogo kwa pembeni ili asivunje miti yake, akateremka kwenye kijito cha Lukumbi. Hapo alivua viatu, akavishika mkononi, akaingia majini na kupanda na kijito dhidi ya mkondo, kwa sababu maji hayahifadhi nyayo. Maji yalikuwa baridi kama kisu. Alihesabu mawe makubwa matatu, akapita chini ya mti ulioanguka, akatokea upande wa kulia, akageuka, akayainua majani aliyoyakanyaga kwa ncha za vidole. Hatua mia moja ndani ya msitu akawakuta.

Walikuwa watu zaidi ya sabini, wamechuchumaa, wanapumua. Muzaliwa alikuwa akihesabu watu wa ukoo wake kwa kuwagusa mabega. "Kumi na moja. Olga, kumi na mbili." Mkono wake ukafika begani kwa Waridi bila kusita. "Mama Aïcha, kumi na tatu. Tumetimia." Akaketi.

Marcellin alikuwa pale, shati limefungwa kifungo kimoja, mguu wa kushoto hauna ndala, na kifuani ameukumbatia mfuko wa ngozi wenye muhuri. Kapita akikimbia huacha hata chakula, muhuri hauachi.

"Nani aliona?" alinong'ona.

"Miye," alinong'ona Olga. "Kwenye njia ya shamba. Mutu, alitoka ndani ya ukungu, anakuja mbio. Kitambaa cheupe kichwani."

"Mmoja?"

"Nilimwona mmoja. Nyuma yake sijui."

"Walikuwa kama kumi," alisema mmoja wa jirani zake. "Nilisikia miguu."

"Wale wa kiangazi kile walifunga vyekundu," alisema mzee mmoja. "Vyeupe ni wengine. Wabaya zaidi."

Waridi aliketi juu ya mzizi na viatu vyake mapajani. Alikuwa bado ndani ya hofu ileile ya wote, na ilipita muda kabla ya neno lile, cheupe, kumfikia. Aliinua mkono, akagusa kichwa chake. Kitambaa kilikuwa kimeteleza shingoni wakati anapita chini ya mti, kimelowa, kimegeuka rangi ya tope. Hakuna aliyekitazama.

Alielewa yote kwa pamoja.

Angeweza kunyamaza. Baada ya saa moja au mbili mtu angekwenda kuchungulia, asione kitu, na wangerudi nyumbani wakisema Mungu amewapitisha. Marcellin angekuwa amemwona akikimbia nao, pengine moyo wake ungelainika. Mwenye kujua angekuwa yeye tu. Na akisema? Yeye ndiye mgeni aliyewatoa watu vitandani. Nani angempigia muhuri mtu wa namna hiyo?

"Hatuwezi kukaa hapa," Marcellin alikuwa akisema. "Kama ni kumi, watafuata mashamba. Tutavuka, tutalala ng'ambo. Abdoul na mwenzake warudi kijijini kwa kujificha, watazame ni wangapi."

Abdoul, baba wa watoto wanne, alikuwa amekwisha kusimama na kujifunga mkanda. Nyuma yake alikaa mwanamke aliyejifungua siku tatu zilizopita, mtoto kifuani, midomo ya mama huyo imekuwa ya kijivu kwa baridi. Kwenye kivuko cha kijito maji yalifika kiunoni. Waridi aliyajua maji yale.

"Abdoul, kaa," alisema, si kwa kunong'ona.

Wakamgeukia kwa hasira kwa sababu ya sauti.

"Hakuna watu kumi. Hakuna mtu. Ni mimi." Alivuta kitambaa shingoni, akakikunjua ili wakione. "Nilikuwa nafanya sport. Muuguzi wa Kasongo aliniambia nikimbie kwa ajili ya sukari. Nikasahau niko wapi. Nilipofika nikakuta mmeondoka, nikadhani wamekuja, nikakimbia mimi pia. Nisameheni."

Kijito kilisikika, na mahali fulani juu ndege mmoja akalia.

"Unasema weye umejikimbia mwenyewe?" aliuliza Olga polepole.

"Ndiyo, wifi."

"Maharage yangu yako motoni," alisema mama mmoja, kwa sauti ya kulia.

Ndipo hasira zikatoka, zote pamoja. Wa mihogo yake iliyomwagika, wa goti lake lililochubuka. Mzee wa vitambaa vyekundu alisema huko mjini watu wameharibika, wanakimbia bila kukimbizwa. Waridi aliinamisha kichwa, akayapokea. Hakujitetea, maana hakuna neno lililosemwa ambalo halikuwa kweli. Katika kelele zile mtu mmoja alianza kucheka. Alikuwa mama wa kichanga, anacheka bila sauti, mabega yanacheza, mpaka mtoto akaamka. "Sukari," alisema. "Tumekimbia sukari!" Na kicheko kikatambaa kutoka mtu mmoja hadi mwingine, cha kuchoka, cha watu waliokuwa wamejiandaa kwa kitu kingine.

Marcellin hakucheka. Alikuwa akiutazama mguu wake usio na ndala.

"Mama," alisema, na watu wakanyamaza. "Ulipokuta hakuna mutu, nani alikuonyesha kuja hapa?"

"Hakuna mtu."

"Ulipita wapi?"

"Shamba la mihogo. Halafu majini."

"Kwa nini majini?"

Waridi alishangaa kuulizwa. "Kwa ajili ya nyayo."

"Nani alikufundisha?"

"Mama mkwe. Mwaka wa tisini na tisa. Nilikanyaga ukingo, akanivuta sikio hili mpaka nikalia. Akasema, bi arusi wa Kigoma, unataka kutuua?"

Olga akatikisa kichwa. "Ndiye mama kabisa," alisema.

Muzaliwa alisimama. Hakuwa msemaji, maneno yake yalitoka moja moja, kama mtu anayeshusha mizigo. "Kapita, weye ulisema jana unashuhudia kitu ulichokiona kwa macho yako. Wageni wote tuliopata kuwa nao, wachuuzi, watu wa machimbo, mapadri, siku ya kukimbia walishika barabara kubwa. Wote. Hapa hatujawahi kumleta mutu asiye wetu, hata watoto wetu walioolewa mbali hatuwaambii waume zao. Leo huyu amekuja peke yake. Nimemhesabu kabla sijafikiri."

Marcellin alimtazama Waridi kama alivyoitazama karatasi jana, taratibu, akianzia juu.

"Karatasi unayo?" aliuliza.

Ilikuwa ndani ya kikwembe, kwenye mkoba wa plastiki, imefungwa kiunoni. Alikuwa ameifunga usiku ule kabla ya kulala, na hakuifungua alfajiri alipotoka. Marcellin akafungua mfuko wake, akatoa kidau cha wino na muhuri. Aliitandaza karatasi juu ya mgongo wa Abdoul, aliyeinama bila kuulizwa. Muzaliwa akatia kidole gumba, Olga akaandika jina lake kwa mwandiko wa masista. Kapita akaupulizia muhuri pumzi mara mbili, akapiga.

"Miye pia nilikimbia," alisema, akipangusa muhuri kwenye shati lake. "Nakuomba, hilo usiliandike popote."

"Halitaandikwa."

"Na tena, mama, hapa kwetu usikimbie. Ukiwa umepata karatasi ya uraia kutoka Kinshasa au hujapata. Sukari uipige kwa namna nyingine."

Walirudi kijijini kwa mstari mmoja mrefu, wakizungumza kwa sauti kubwa kama watu wanaotoka arusini. Maharage yalikuwa yameungua, na Waridi alishinda siku nzima akichambua mengine, akipika nyumba hadi nyumba, akitaniwa kila alipoingia. Mchana Olga alimwona amekaa peke yake nyuma ya jiko, karatasi mapajani, machozi yakishuka bila sauti. Hakumwuliza. Waridi mwenyewe asingejua kujibu kama alilia kwa kilichopigwa muhuri au kwa barua ile nyingine iliyokunjwa nyuma yake, ambayo sasa ingepata pa kwenda. Asubuhi ile alikuwa amekimbia kama mtu wa Kalubenga, bila kuomba ruhusa kwa nchi yoyote. Karatasi ilikuwa imekuja nyuma, inahema, kumfikia.

Pikipiki ya kumrudisha Kasongo ilikuwa ya siku ya tatu. Alfajiri ya mwisho aliswali, akavaa viatu, akasimama mlangoni. Ukungu ulikuwa palepale. Miguu ilitaka kwenda. Aliitii nusu: akashika njia ya mashamba akitembea katikati yake, kichwa juu mbele ya macho ya watu, mikono ikionekana, na kila mlango aliopita alisalimu kwa jina la mwenye nyumba, kwa sauti, nao wakaitikia kutoka ndani, wengine wakiwa bado kitandani. Ilichukua muda mrefu sana kumaliza nyumba zote.

Mwisho wa kijiji Olga alimfikia, jembe begani.

"Ongeza mwendo kidogo, wifi," alisema. "Hivi sukari itatupita."

Wakaongeza mwendo kidogo, wote wawili, mpaka mahali nyasi za juu zinapoanza.